Ubingwa wa Simba ulipotelea Babati, si Kwa Mkapa

MZEE mmoja wa Gulwe amepoteza mbuzi wanne ndani ya miaka minne. Hawakuliwa na fisi, hawakuibwa wala hawakufa kwa ugonjwa. Wamekwenda kwa jirani yake, mmoja kila msimu, kwa sababu mzee ni Simba na jirani ni Yanga, na kila ligi inapokaribia kuanza wawili hao huwekeana mbuzi. Simba wakichukua ubingwa, jirani anatoa. Yanga wakichukua, mzee anatoa. Tangu msimu wa 2021/22 anayetoa ni mtu mmoja tu.

Nilimkuta kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stesheni, wakati narudi kutoka msibani Mpwapwa. Kwa asiyepajua, Gulwe ni stesheni ya reli ya kati, kilomita kama 20 kutoka Mpwapwa mjini. Zamani ukienda Mpwapwa kwa treni ulishukia hapo, ukatafuta usafiri wa kumalizia. Sasa pana reli mbili: ile ya tangu enzi za Mjerumani, na hii ya umeme ambayo treni zake za haraka zinapita kama zimetumwa, ukichelewa kugeuka unaona mkia tu. Ligi ilikuwa imelala kupisha CHAN, msimu mpya ukisubiriwa Septemba 2025. Na nyinyi mnajua, ligi ikilala ndipo midomo inaamka.

Mzee ni mstaafu wa reli. Alikuwa gengi, wale wa kukagua njia kwa miguu, kubadili mataruma na kuzibua mitaro. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama vizuri.

"Wewe si ndiye unaandika mambo ya mpira?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Kaa hapo. Niambie ukweli, usiniambie yale ya gazetini. Mwaka huu Simba tunachukua?"

Kabla sijafungua mdomo, dogo mmoja wa bodaboda akadakia akiwa juu ya pikipiki yake: "Babu, wewe tafuta mbuzi wa tano tu." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa bibi mmoja aliyekuwa pembeni na sinia la karanga za kukaanga, ambaye baadaye niliambiwa ni mke wa mzee. Akasema bila kuinua macho: "Huyo wa tano haendi popote. Yule ni wa sare za shule. Mjukuu anamaliza la saba, Januari anaingia sekondari Mungu akipenda. Mkitaka kuwekeana, wekeaneni kofia."

Nikaombwa jibu. Nikasema siwezi kujibu jambo la mbuzi kwa haraka, nitaandika. Basi mzee wangu, jibu lako ndilo hili. Ni refu kidogo.

Kwanza niwaambie wengine mjadala ulivyokwenda, maana nimekaa vijiwe vingi nchi hii na wimbo ni ule ule. Saa nzima watu wa Simba walizungumza tarehe mbili. Machi 8, siku ambayo mechi ya watani haikuchezwa baada ya Simba kugoma kupeleka timu kwa madai kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi. Na Juni 25, siku ambayo mechi hiyo hiyo hatimaye ilichezwa, ikiwa ya mwisho ya msimu, na Yanga wakashinda 2-0 kwa penalti ya Pacôme Zouzoua na bao la Clement Mzize. Kuna aliyesema ingechezwa Machi, Simba walikuwa wa moto. Kuna aliyesema ile penalti si penalti. Kuna aliyesema waamuzi wetu wanajulikana, dogo wa bodaboda akamkumbusha kwamba mwamuzi wa siku ile aliletwa kutoka Misri. Jamaa akafikiri kidogo, akasema hata Misri kuna Yanga.

Sawa. Mimi nawaambia watu wa Simba kitu ambacho hawatakipenda: mnalia msiba kwenye nyumba siyo. Ubingwa wa 2024/25 haukupotea Kwa Mkapa Juni 25. Siku ile mlikwenda kuzika tu. Ulikuwa umeshakufa zamani, tena mkiwa mnautazama, na hakuna aliyepiga kelele.

Tuhesabu taratibu. Ligi ina timu 16, mechi 30. Kabla ya ile mechi ya mwisho kila mmoja alikuwa amecheza 29. Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78. Sasa tazama zilivyopatikana. Simba walikuwa wameshinda 25, sare tatu, wamefungwa moja. Yanga walikuwa wameshinda 26, sare moja, wamefungwa mbili.

Rudia kusoma hapo. Simba walikuwa wamefungwa mara chache kuliko Yanga, mara moja tu katika mechi 29, na bado walikuwa nyuma. Anayefungwa mara moja katika mechi 29 anakuwaje nyuma? Ni zile sare tatu.

Sare ya kwanza, Oktoba, na Coastal Union. Simba wakaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Ya pili, Februari, Babati, na Fountain Gate. Simba wakaongoza kwa bao la Leonel Ateba, kisha Ladaki Chasambi akarudisha mpira nyuma kwa kipa wake, ukampita kipa, ukaingia wavuni. 1-1. Ya tatu, mwezi huo huo, na Azam. Simba walitanguliwa, wakasawazisha, wakaongoza 2-1, na zikiwa zimebaki dakika mbili za muda wa kawaida Azam wakarudisha. 2-2.

Umeona kitu? Mechi zote tatu Simba walikuwa wanaongoza. Hakuna hata moja ambayo walikwenda wakakwama, wakakuta basi limepaki golini, ikaisha sifuri kwa sifuri. Waliupata ushindi, wakaushika, ukawaponyoka. Kila sare iliyotokana na ushindi ni pointi mbili zimeanguka njiani. Tatu ni pointi sita.

Sasa zirudishe uone. Ukirudisha ile ya Babati peke yake, Simba wanaingia Juni 25 wakiwa na 80 dhidi ya 79. Yaani sare inawatosha, Yanga ndio wanaolazimika kushambulia. Ile ni mechi nyingine kabisa, hata miguu inatembea tofauti. Ukirudisha mbili, Simba wanafungwa 2-0 vile vile, halafu wote wanamaliza na 82 na tunaanza kuhesabu mabao, ambako nakubali Yanga walikuwa na mengi zaidi. Ukirudisha zote tatu, Simba wanaingia na 84, Yanga 79. Ubingwa umeshakwisha. Yanga wanashinda 2-0, wanafikisha 82 yao, wanakwenda nyumbani, na kombe liko Msimbazi. Mzee wa Gulwe anapokea mbuzi.

Kwa hiyo mtu akiniambia Simba walipoteza ubingwa kwa penalti ya Juni 25, namuuliza: Babati ulikuwa wapi? Maana siku ile ya Babati sikumbuki maandamano. Nakumbuka watu wamemtukana Chasambi siku mbili, kisha wakasema "aah, tuna mechi mkononi". Mtoto yule alikosea, ni kweli. Lakini mtoto akikosea dakika ya 75, zimebaki robo saa na za nyongeza. Timu inayotaka ubingwa inazitumia.

Hapo kijiweni nilipoanza kuyasema haya kwa kifupi, mzee alinikatiza: "Sasa sare ugenini ina ubaya gani? Sare ugenini ni pointi ya heshima."

Nilinyamaza, kwa sababu nilielewa anakotoka. Mzee alianza kushabikia enzi zile ushindi unahesabiwa pointi mbili. Wakati ule sare ilikuwa nusu ya ushindi. Ukienda Tanga, Mwanza au Mbeya ukarudi na sare, ulikuwa umegawana mali na mwenyeji sawa kwa sawa. Leo ushindi ni pointi tatu, na sare ni theluthi. Mnagawana kidogo, kingine kinatupwa. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu chini kwenye vumbi, msimu huo huo kwa utaratibu wa zamani. Simba ushindi 25 mara mbili, 50, na sare tatu, 53. Yanga ushindi 26 mara mbili, 52, na sare moja, 53. Sawasawa! Kwa hesabu za ujana wa mzee, Simba na Yanga wangeingia Juni 25 wakiwa wamelingana kila kitu. Kwa hesabu za leo Simba waliingia wakiwa wanadaiwa. Mashabiki wengi wa rika lake, na hata vijana waliolelewa nao, bado wanaitazama sare kwa macho ya pointi mbili. Ndiyo maana haiwaumi.

Mzee aliitazama ile hesabu vumbini kwa muda. Kisha akasema jambo la reli, sio la mpira. Akasema mvua za kule kwao, za kati ya Kilosa na Gulwe, zimeikata reli mara nyingi, na ile ya mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 iliifunga njia kwa miezi. "Watu wa mjini wakija kutazama wanakwenda darajani. Kila mtu anaulizia daraja. Sisi wa gengi tulikuwa tunaogopa kalavati. Kalavati dogo, limeziba majani na mchanga, hakuna aliyelipigia picha. Maji yakikosa njia yanapanda yanakula tuta. Asubuhi unakuta reli inaning'inia kama kamba ya nguo."

Sikuongeza neno. Ila nikiandika haya naiona derby kama daraja, na Babati kama lile kalavati.

Tuwape Yanga haki yao, maana nao msimu ule hawakuwa malaika. Mwanzoni mwa Novemba 2024 walifungwa mara mbili ndani ya wiki moja: Azam 1-0, kisha Tabora United 3-1. Nakumbuka wiki ile. Vijiwe vya Simba vilikuwa sikukuu. Kocha Miguel Gamondi akaondoka. Akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari katikati ya safari. Akaja Miloud Hamdi akamalizia. Makocha watatu msimu mmoja! Timu nyingine ingesambaratika. Lakini tangu siku ile ya Tabora hawakufungwa tena kwenye ligi, na walitoa sare moja tu, ya bila kufungana na JKT Tanzania. Zilizobaki zote walishinda. Mwenye makocha watatu hakutulia kuhesabu nani kamwonea. Alikuwa anahesabu pointi tatu, tatu, tatu. Simba walikuwa na kocha mmoja, Fadlu Davids, kikosi kizuri, mfungaji bora wa ligi Jean Charles Ahoua mwenye mabao 16, na wakamaliza na 78. Pointi 78 katika mechi 30 ni nyingi mno. Timu ya namna hiyo kukosa kombe inauma kweli, nami siwacheki.

Dogo wa bodaboda hakuwa na huruma hiyo. Akasema Simba wa siku hizi ni mradi wa karanga. Vijana wengine wa mjini hawatauelewa mzaha huu, lakini Gulwe unaeleweka hata na watoto. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga, makao makuu hapo jirani Kongwa. Walileta matrekta, mabuldoza na wataalamu, wakajenga tawi la reli likichepuka Msagali, stesheni ya jirani na Gulwe. Hotuba zilikuwa nyingi kuliko mvua. Ardhi ikawa ngumu, ukame ukapiga, 1951 mpango ukafutwa. "Kila Agosti," dogo anasema, "Simba Day, watu wamejaa, wachezaji wapya wanatambulishwa, moshi mwekundu, kelele. Juni ukija kuvuna, hola."

Watu walicheka sana, na mimi nilicheka. Lakini mfano wake una kasoro, na nilimwambia. Karanga za Kongwa hazikuota. Simba wameota, tena vizuri. Shida yao iko kwenye kuvuna, pale kwenye dakika ishirini za mwisho. Angalia hata nje ya ligi. Mwezi Mei walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco. Ugenini walifungwa 2-0. Marudiano Zanzibar, Amaan, wakaongoza mapema kwa bao la Joshua Mutale, wakabaki pungufu baada ya Yusuf Kagoma kutolewa kwa kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. 1-1. Kule nakubali walikuwa kumi, na mpinzani alikuwa mkubwa. Ila ukiiweka pamoja na Coastal, Babati na Azam unaona ugonjwa ni ule ule: wanatangulia, wanafika mwisho wanashika tumbo. Hata mechi ya kwanza ya watani, Oktoba 2024, ilikuwa bila bila mpaka dakika za mwisho, Kelvin Kijili akajifunga. Hiyo ndiyo mechi pekee waliyofungwa kabla ya Juni 25.

Sasa kwa nini? Hapa natoa maoni yangu, mwenye yake naye atoe. Mimi naona Simba ya msimu wa 2024/25 ilikuwa timu ya vijana wengi wapya waliokusanywa kwa mkupuo mmoja, na timu ya namna hiyo inajua kukimbia kuliko kutulia. Wakiongoza 1-0 wanataka la pili kwa pupa, wakipata la pili wanataka la tatu mashabiki waimbe. Hakuna anayeshika mpira akasema jamani, tulieni, tulale nao. Yanga wale waliochukua manne mfululizo walikuwa nao watu wa hivyo. Ukiongozwa 1-0 na Yanga dakika ya 80 mpira huuoni tena, unaona migongo tu. Huu si ufundi wa kocha peke yake, ni uzoefu wa watu waliokaa pamoja.

Ndiyo maana kuna jambo moja la usajili wa mwaka 2025 linanitia wasiwasi kuliko lile la kila siku la nani mfungaji. Nahodha Mohamed Hussein, aliyekuwa Msimbazi tangu 2014, amevuka kwenda Jangwani. Mashabiki wamegombana kuhusu heshima na usaliti. Mimi siulizi usaliti, nauliza dakika ya 80. Kwenye kikosi chenye wageni wengi, yule alikuwa mmoja wa watu walioonja ubingwa mara nne, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Sasa uzoefu huo uko upande wa pili. Simba wamemleta Jonathan Sowah kutoka Singida Black Stars, ambaye anajua kufunga, hakuna ubishi. Wamemleta beki Rushine De Reuck, aliyepitia Mamelodi Sundowns, na huyu ndiye ninayemtazama mimi. Mabao Simba walikuwa nayo. Wanahitaji mtu wa kupaza sauti mbele ya lango lao mechi ikiwa imebaki robo saa.

Kuna bwana mmoja pale kijiweni, mwalimu kwa mavazi yake, aliyekaa kimya muda wote akiwa na jezi ya Dodoma Jiji. Alipoongea alituuliza swali lililotuchoma: "Nyie watu wa Gulwe, timu yenu ya mkoa iko Ligi Kuu. Simba wakija Jamhuri mnavaa nyekundu mnawashangilia wageni. Yanga wakija mnavaa njano. Hizo pointi mnazolilia zinatoka kwetu." Ni kweli. Septemba 2024 Simba walikuja Jamhuri wakashinda 1-0 kwa penalti ya Ahoua, na uwanja mzima ukashangilia kama tuko Dar. Mechi ya marudiano wakapigwa 6-0. Mwalimu akasema angalau aulize na yeye: je, Dodoma Jiji wanaweza kuchukua ubingwa? Watu wakacheka tena, naye akacheka, lakini mzee hakucheka. Alikumbusha kwamba mwaka 1975 kombe lilipanda treni likashukia Morogoro, kwa Mseto. Tukuyu Stars walipanda daraja wakachukua 1986. Coastal Union 1988. Mtibwa Sugar wakachukua 1999 na 2000, mara mbili mfululizo. Baada ya hapo imekuwa Simba na Yanga tu, ukiondoa Azam wa 2013/14 ambao hawakufungwa hata mechi moja. Mwalimu, siku yako naiandikia makala yake. Leo niko kwenye mbuzi.

Ila swali la mwalimu linanirudisha kwenye hoja. Timu za mikoani, zile tunazoziita ndogo, ndizo zinazogawa ubingwa. Nenda msimu wa 2016/17. Simba na Yanga walimaliza wote na pointi 68, Yanga wakachukua kwa tofauti ya mabao. Unakumbuka watu wa Simba walilia nini mwaka ule? Walilia Kagera Sugar. Simba walifungwa 2-1 na Kagera, ikaja hoja kwamba Kagera walimchezesha Mohammed Fakhi akiwa na kadi tatu za njano. Kamati moja ikawapa Simba pointi tatu, kamati nyingine ikazirudisha Kagera, maneno yakafika mpaka kutajwa FIFA. Mpaka leo ukikaa na Simba wa makamo atakuhesabia zile kadi kama madeni ya dukani. Mimi huwa nauliza kitu kimoja: kwa nini tulikuwa tunahesabu kadi za Fakhi? Kwa sababu siku ile uwanjani mlifungwa. Timu iliyopishana na kombe kwa mabao tu, pointi moja popote pale ingewatosha. Moja! Sare moja badala ya kufungwa, na hakuna kamati ambayo ingekaa.

Najua nitajibiwa kwamba hata Yanga wangeweza kusema hivyo hivyo, wangewafunga JKT, wangewafunga Tabora. Ndiyo. Na wangekuwa na nyingi zaidi, mngekuwa mbali zaidi. Sisemi Yanga walikuwa wakamilifu. Nasema waliokuwa karibu na kombe kuliko wakati wowote ndani ya miaka minne ni nyinyi, na mlichokosa hakikuwa kikubwa. Kilikuwa dakika ishirini mara tatu. Saa moja ya mpira katika msimu mzima.

Basi mzee wangu wa Gulwe. Swali lako: mwaka huu Simba wanachukua? Jibu langu ni wanaweza, na sikuambii kwa kukufurahisha, nimekupa hesabu. Timu yenye pointi 78 haihitaji miujiza, inahitaji kuacha kuangusha. Lakini kuweza na kuchukua ni mambo mawili, na ukitaka kujua mapema wanaelekea wapi usisubiri derby. Sikiliza redio siku wanapokwenda mikoani. Wakiongoza 1-0 dakika ya 70 halafu mechi ikaisha 1-0, hata kama wamecheza vibaya, hata kama watu wamezomea, wewe tabasamu. Zikifika Krismasi wakiwa wameshatoa sare mbili za kurudishiwa, usibishane na dogo wa bodaboda. Mpe kahawa tu.

Kuhusu mbuzi sikushauri. Lile ni suala la nyumba, na bibi alishatoa hukumu. Juzi nilimpigia simu yule kijana muuza kahawa kuuliza habari za Gulwe, akacheka kabla hajasalimia. Bibi amempeleka mbuzi mnadani, ameuzwa, na hela ameifunga kwenye kanga. Mzee na jirani yake wamekaa wakajadiliana upya. Msimu huu wamewekeana jogoo. Tena mzee ameongeza sharti lake mwenyewe, jirani bado anaomba alifikirie: kila Simba wakiongoza kisha wakatoa sare, mzee anatoa yai.

Jirani ameshaanza kutafuta kapu.